Benki ya Mbegu ya Kijiji: Mwongozo Kamili wa Kutunza Mbegu za Asili

Ukitaja benki ya mbegu kwenye kikao cha kijiji, mjadala huhamia kwenye jengo mara moja: tofali zitatoka wapi, mabati atatoa nani. Jengo liacheni kwanza. Nimewahi kuingia kwenye banda zuri lenye rafu zilizopakwa rangi ambamo karibu kila mbegu ilikuwa imeshakufa. Zilifungwa zikiwa na unyevu, na kwa misimu mitatu hakuna aliyezipanda. Namfahamu pia mama mwenye chupa kumi na nne tu chini ya kitanda, na fiwi, jamii ya maharage, inayolimwa leo katika vitongoji vinne ilitoka kwake. Mwongozo huu unafuata njia ya mama huyo. Anza na mbegu, kisha watu, kisha chombo. Banda litakuja likijaliwa.

Ninaposema mbegu ya asili nina maana ya ile iliyopandwa, ikachaguliwa na kupandwa tena mahali pamoja, kizazi baada ya kizazi, hadi ikapazoea. Mtama mwekundu wenye uchungu haukubaki shambani kwa bahati. Kwelea kwelea wakishuka huanza na mtama mweupe mtamu. Hata mbegu za dukani zimetoka huko huko. Hybrid 611, chotara ya mahindi iliyotolewa Kitale mwaka 1964 na kuenea sana nyanda za juu za Kenya, ilipatikana kwa kuchanganya mahindi yaliyokuwa yanalimwa Kitale na mahindi ya wakulima wa Ecuador. Mtafiti hawezi kuchanganya kitu ambacho mkulima ameshakipoteza.

Hatua ya kwanza: jueni kilichopo

Kusanyeni watu chini ya mti, mwambie kila mmoja aje na mbegu alizonazo nyumbani, hata kiganja kimoja. Chora ardhini mistari miwili inayokatana ili ipatikane miraba minne. Mraba wa kwanza ni wa mbegu zinazolimwa na nyumba nyingi kwenye eneo kubwa. Wa pili, nyumba nyingi kwenye eneo dogo, kama mboga za kando ya nyumba. Wa tatu, nyumba chache kwenye eneo kubwa. Wa nne, nyumba chache kwenye eneo dogo. Kila mbegu iwekwe kwenye mraba wake huku watu wakibishana. Waacheni wabishane, maana habari nyingi hupatikana humo.

Mraba wa nne ndio wodi ya wagonjwa mahututi. Mbegu iliyobaki kwa bibi mmoja, kwenye tuta moja, inaweza kupotea kwa msiba mmoja au kwa njaa ya mwezi mmoja inayomlazimu apike akiba yake. Kazi yenu ianzie hapo.

Nashauri wanaume na wanawake wakae makundi mawili kwanza, kisha mkutane. Wanaume mara nyingi watataja mahindi, maharage ya kuuza na mbaazi. Mnavu, mgagani, mlenda, kunde za majani, vibuyu na njugu mawe utazisikia upande wa akina mama. Msiamini majina peke yake. Jina moja linaweza kubeba mbegu mbili, na mbegu moja ikawa na majina matatu katika vijiji vitatu. Fiwi wenyewe huitwa ngwara kwa wengine, na ukivuka Kenya huitwa njahi. Mwagieni mbegu kwenye nyungo, mziweke ubavu kwa ubavu, mzitazame kwa macho.

Ulizeni pia kwa nini kila mbegu iliachwa: haina soko, inachelewa kukomaa, inachosha kukoboa. Andikeni sababu hiyo, lakini isiwe sababu ya kuikataa.

Msianze na mbegu hamsini. Kumi zinatosha kwa mwaka wa kwanza, na ziwe zile ambazo kuna mtu mwenye jina amekubali kuzipanda.

Hatua ya pili: jueni jinsi kila mmea unavyochavushwa

Vikundi vingi huharibu mbegu hapa bila kujua. Maharage, kunde, karanga, njugu mawe, mpunga, ulezi na nyanya hujichavusha wenyewe ndani ya ua. Aina mbili za maharage zikitengwa kwa mita tano hadi kumi, au mstari wa mahindi katikati, kwa kawaida zitabaki kila moja na tabia yake.

Mtama na mbaazi viko katikati. Hujichavusha, lakini upepo kwa mtama na nyuki kwa mbaazi huleta chavua ya jirani. Kwa mbaazi ya kutunza, tafuteni shamba lililo mita 200 au zaidi kutoka kwenye mbaazi nyingine.

Mahindi, uwele, alizeti na maboga huoana na majirani bila kuomba ruhusa. Mahindi yanataka umbali wa mita 300 hivi, na wakulima wa ekari moja moja hatuna nafasi hiyo. Njia inayowezekana ni kutenga kwa muda: pandeni mahindi yenu ya asili wiki nne kabla au baada ya jirani, ili mbelewele zake zinapomwaga chavua, ndevu za mahindi yenu ziwe bado hazijatoka au zimeshakauka. Kaeni na jirani huyo mapema, kabla ya mvua. Ukimfuata mahindi yakiwa yamefika kiunoni, hakuna tena cha kuzungumza.

Maboga yana njia yake, na naipenda kwa sababu haihitaji shamba la peke yake. Jioni, tafuta maua yatakayofunguka kesho. Ncha zake huwa zimeanza kugeuka njano. Ua jike lina kiboga kidogo chini yake, ua dume lina kikonyo kirefu kitupu. Funga ncha za yote mawili kwa uzi ili nyuki wasiingie. Asubuhi na mapema chuma ua dume, ondoa petali zake, fungua ua jike, paka chavua katikati, kisha lifunge tena. Fungia utambaa wenye rangi kwenye kikonyo cha boga hilo. Mbegu za boga lenye utambaa ndizo za benki, na mengine kuleni. Tumieni madume kutoka mimea tofauti.

Jambo la idadi halisemwi vya kutosha. Mbegu ya asili ni ukoo wenye watu mbalimbali: mmoja anavumilia ukame, mwingine ugonjwa wa majani, mwingine anawahi. Ukichukua mbegu kwenye mashina machache, ukoo umeupunguza. Kwa maharage na jamii yake, chukua kwenye mashina yasiyopungua 40. Kwa mahindi, hakikisha mashina kama 200 yamesimama, na chukua magunzi 100 kutoka mashina 100, idadi sawa ya punje kwa kila gunzi.

Somo hili nililipata kwa gharama. Kwa miaka mitatu nilitunza mahindi mekundu ya ukoo wetu kwa kuchagua magunzi ishirini makubwa kuliko yote. Nilijiona makini. Msimu wa nne mashina yalitoka mafupi, mengine hayakuzaa, na magunzi yakawa na mapengo. Nilikuwa nimeyaozesha ndugu kwa ndugu. Yaliyoniokoa ni magunzi ya jirani ambaye hakuwa amechagua kitu, alikuwa anachota tu kwenye kihenge.

Hatua ya tatu: chagueni mimea ikiwa bado imesimama

Gunzi likiwa kwenye kihenge halikwambii kama shina lake lilikuwa limeanguka, au kama lilikuwa zuri kwa sababu lilipata samadi peke yake. Pita shambani mara tatu: mimea ikiwa michanga, inapotoa maua, na inapokaribia kukomaa. Kila mara ng'oa yenye ugonjwa na ile ambayo ni wazi imetoka kwenye aina nyingine. Maharage yenye majani yaliyokunjamana na madoa ya kijani na njano yasiingie kwenye mbegu, kwa kuwa baadhi ya virusi na vimelea husafiri ndani ya punje hadi msimu ujao. Kwa mahindi, muwe wakali zaidi tangu ugonjwa wa kuua mahindi ulipogunduliwa Bomet, Kenya, mwaka 2011.

Fungia kamba mashina ya mbegu. Acha mistari ya pembeni, chukua katikati ya shamba. Ukishaondoa wagonjwa na wageni, chagua kwa mapana: mafupi na marefu, yanayowahi na yanayokawia, punje za rangi zote ambazo wazee wanazitambua kuwa za aina hiyo.

Hatua ya nne: kukausha

Kama utasahau kila kitu, hatua hii usiisahau. Kuna kanuni inayojulikana kwa wahifadhi wa mbegu duniani: kila unyevu wa mbegu unaposhuka kwa asilimia moja, umri wake ghalani huongezeka takriban mara mbili. Halijoto ikishuka kwa nyuzi 5 za Selsiasi, hivyo hivyo. Maana yake, maharage uliyotaka kuyafunga yakiwa na unyevu wa asilimia 14, ukiyafikisha 10 unayaongezea maisha mara kumi na sita. Hatuna majokofu ya serikali, ila jua, upepo na mkeka tunavyo.

Acha mazao yakaukie shambani kadiri mvua inavyoruhusu. Yakishafika nyumbani, anika kwenye mkeka au turubai lililoinuliwa kwenye kichanja, kivulini penye upepo au kwenye jua la asubuhi. Usianike kwenye bati wala kwenye saruji saa sita mchana. Hapo joto hupita nyuzi 40, na punje hufa ikiwa bado inapendeza machoni. Geuza mara nyingi. Jioni ingiza ndani kabla ya umande, maana mbegu hunywa usiku ilichopoteza mchana.

Kupima, chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia vijiko vichache vya chumvi kavu na mbegu hadi theluthi moja. Funga, tikisa kwa dakika moja, acha dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu bado umepita asilimia 15. Isipoganda, mbegu inafaa kwa ghala la chakula, lakini kwa benki endelea kuanika siku mbili tatu zaidi. Kisha jaribu kwa jiwe: haragwe lililokauka vizuri hupasuka vipande, lenye maji hupondeka.

Mbegu chache za mboga zinaweza kukaushwa zaidi kwa mchele. Kaanga mchele bila mafuta hadi ubadilike rangi, uache upoe ndani ya chombo kilichofungwa, kisha weka mbegu kwenye kitambaa chepesi ndani ya chupa yenye mchele huo mara mbili ya ujazo wa mbegu. Funga kwa wiki mbili, kisha hamishia mbegu kwenye chupa yake.

Nyanya zina utaratibu tofauti. Kamua mbegu na maji yake kwenye bakuli, acha zichachuke siku mbili au tatu hadi ule ute uachie, osha, anika kwenye sahani, si kwenye karatasi, kwani zitanata.

Hatua ya tano: chombo na wadudu

Kwa mbegu chache, chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana haina mpinzani. Kwa kilo nyingi, tumia dumu la plastiki lisilo na ufa au mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Jaza hadi shingoni. Hewa ikiwa ndogo, wadudu waliojificha huimaliza wakafa. Chupa iliyojaa nusu ni nyumba yao. Kama mbegu hazitoshi, tafuta chupa ndogo zaidi.

Bungua wa maharage hutaga mayai maganda yakiwa bado shambani, kwa hiyo usafi wa ghala peke yake haukuokoi. Vuna mapema, pukuchua mapema. Wazee walichanganya na majivu, nao walikuwa sahihi: majivu yaliyochekechwa na kupoa, yakijaza nafasi zote kati ya punje, humzuia mdudu asitembee wala kupumua. Majani makavu ya mwarobaini husaidia pia. Mwenye jokofu la kugandisha anaweza kuweka mbegu ndani kwa wiki moja, mradi zimekauka sawasawa na zimefungwa. Zenye maji barafu itaziua. Ukizitoa, usifungue chupa hadi ipoteze ubaridi, la sivyo mvuke utatua juu ya mbegu.

Kwa mahindi, adui mkubwa ni dumuzi, ambaye wakulima wa Tanzania walimwita Scania alipoonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hupenda mahindi yakiwa kwenye magunzi, hivyo mbegu ikae imepukuchuliwa.

Chupa zote zikae mahali penye giza na baridi kuliko kwingine nyumbani. Chini ya kitanda, kwenye sakafu ya udongo iliyotandikwa mbao, ni bora kuliko darini chini ya bati.

Ndani ya kila chupa weka karatasi iliyoandikwa kwa penseli (wino hufifia): jina la mbegu kwa lugha ya mahali, aliyeitoa, kitongoji, mwezi na mwaka wa mavuno. Maelezo marefu yaende kwenye daftari: hukomaa kwa siku ngapi, hupikwaje, nani hapaswi kuila, kwa nini iliachwa.

Hatua ya sita: jaribio la kuota

Kila mwaka, mwezi mmoja kabla ya masika, hesabu mbegu 100 za kila chupa, au 50 kama ni chache. Zipange kwenye kitambaa chenye unyevu, kiviringishe, kiweke kwenye mfuko ulio wazi kidogo. Mahindi na maharage, hesabu baada ya siku saba. Mboga zipewe wiki mbili. Zikiota 85 kwa mia kwenda juu, rudisha chupa mahali pake. Kati ya 60 na 85, mbegu hiyo ipandwe msimu huu. Chini ya 60, panda yote mara moja na upande kwa wingi, mkiwa mnamwagilia kwa mkono.

Mgagani usiwatishe. Mbegu yake iliyovunwa juzi huota vibaya hata ikiwa nzima, kwa kuwa hulala kwa miezi kadhaa. Subirini kabla ya kuihukumu.

Hata chupa nzima haikai milele. Kila mwaka pandeni theluthi ya aina zote mlizonazo, ili baada ya miaka mitatu kila aina iwe imeonja udongo. Hapo ndipo mbegu inapoendelea kuyazoea magonjwa mapya na mvua zilizobadilika.

Yasiyowekwa chupani

Muhogo, viazi vitamu, magimbi na migomba hutunzwa shambani. Tengeni robo ekari, kila aina mashina matano hadi kumi yenye kibao. Pingili za muhogo zitoke kwenye mashina yasiyo na batobato wala michirizi ya kahawia. Kumbukeni kuwa michirizi mara nyingi hujificha majani yakionekana safi, kwa hiyo pasueni na mzizi. Marando ya viazi yavushwe kiangazi bondeni. Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, kina mkusanyiko wa zaidi ya aina 1,500 za migomba, ambayo mingi hutunzwa ikiwa miche midogo kwenye mirija ya kioo. Sisi tunatunza migomba yetu ya Mchare kwa jembe na samadi. Embe, parachichi na fenesi nazo mbegu zake zikikauka hufa, kwa hiyo miti yenyewe ndiyo akiba.

Kukopesha

Anayekopa kilo moja arudishe mbili, zikiwa zimekaushwa na kuchaguliwa kama ilivyoelezwa hapo juu. Mwenye shida arudishe alichokopa tu, na msimu ukiharibika deni lisogezwe. Msimdai mtu mbegu ya njaa. Anayepokea mbegu zinazorudi awe mkali kwenye jambo moja: kilichorudi kipimwe kwa chumvi na kijaribiwe kuota kabla ya kuchanganywa na kilichopo. Bora zaidi, kisichanganywe kabisa hadi msimu upite. Msikopeshe zaidi ya theluthi mbili ya chupa yoyote.

Kuhusu sheria, Tanzania mbegu inayouzwa inapaswa kuthibitishwa au kuazimiwa ubora chini ya TOSCI, taasisi ya serikali inayodhibiti ubora wa mbegu, hivyo benki yenu ikopeshe na kubadilishana, isifungue duka. Kenya, Novemba 2025, Mahakama Kuu ya Machakos iliamua kuwa vifungu vya sheria ya mbegu vilivyomhesabu mkulima mhalifu kwa kutunza na kubadilishana mbegu za asili ni kinyume cha katiba, katika kesi iliyofunguliwa na wakulima wadogo 15. Nilifurahi kama niliyeshinda kesi yangu mwenyewe.

Nakala nje ya kijiji

Kila aina igawanywe nyumba tatu, na nyumba hizo zisiwe za ndugu wa tumbo moja wala bonde moja. Nakala ya nne itoke kijijini. Tanzania, andikieni Kituo cha Taifa cha Rasilimali za Kijenetiki za Mimea kilichoko Arusha. Kenya, benki ya mbegu ya taifa iko Muguga. Elezeni mbegu mlizonazo, na kabla ya kukabidhi kitu chochote ulizeni kwa maandishi ni kwa masharti gani mtaweza kuzichukua tena.

Hata wakubwa hufanya hivyo. ICARDA, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo cha maeneo makavu kilichokuwa karibu na Aleppo, Syria, kilituma nakala za mbegu zake kwenye ghala la Svalbard, Norwei, lililofunguliwa mwaka 2008 ndani ya mlima wenye barafu. Vita vya Syria vilipowafungia mlango, mwaka 2015 waliomba nakala zao zirudi, wakazipanda Lebanon na Moroko, na mwaka 2017 wakapeleka nakala mpya Svalbard.

Mnapoandaa kifurushi cha kupeleka, chagueni mbegu za mavuno ya msimu huu, zilizoota zaidi ya 85 kwa mia. Gramu na idadi ya punje watawaambia wao. Ndani wekeni ukurasa wa daftari ulionakiliwa kwa mkono, na jina la aliyeitoa mbegu, kwa ridhaa yake, liandikwe juu kabisa.